Mtunzi wa Riwaya na Chombo cha Kutungia

Katika nyumba zetu nyingi leo hapakosi kijana, wa kiume au wa kike, aliyekwisha andika kurasa ishirini au thelathini za riwaya kisha akakwama. Ukimwuliza sababu, mara nyingi atakwambia kuwa hana programu nzuri ya kompyuta ya kutungia. Baada ya wiki utamkuta ameipata. Nayo hakuinunua, wala hakupewa bure na mwenyewe, bali ameinakili kwa rafiki pamoja na namba za wizi za kuifungulia. Mzazi hupita akamwona mwanawe ameinama juu ya kazi, akafurahi. Twapenda mzazi huyo asimame kidogo aulize programu ile imetoka wapi, na kijana naye ajue kwamba haja yake yaweza kutimia kwa njia ya halali.

Wako watakaouliza kwanza: riwaya yenyewe ni ya nini katika nyumba ya Kiislamu? Hapa hatutakaa sana. Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusi aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat zake, na wanachuoni wakazisomesha na kuzitilia sherehe karne baada ya karne. Na kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kupigwa chapa mwaka 1960. Kisa cha kubuni, ambacho msomaji ajua kuwa ni cha kubuni, kwa maoni yetu si uongo; hupimwa kwa kile kinachopandwa nacho moyoni.

Hadithi hiyo ya mwisho ni ya upelelezi, na upelelezi ndio unaoonyesha vizuri shida ya mtunzi. Katika sura ya pili yampasa ajue atakalolifichua katika sura ya ishirini: nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani amekwisha pata habari na nani bado. Anayeandika yote hayo katika faili moja refu hupotea njiani. Mtu aliyemwua ukurasa wa 90 humkuta ukurasa wa 140 anakunywa kahawa barazani.

Kwa ajili hiyo baadhi ya watunzi walijitengenezea programu zao wenyewe. Simon Haynes, mwandishi wa Australia, alitengeneza yWriter, nayo katika kompyuta za Windows hutumika bila malipo. Programu hii huigawa riwaya katika sura, na kila sura katika matukio. Na kwa kila tukio humwuliza mtunzi: latazamwa kwa macho ya nani? Limetukia mahali gani? Mwenyewe ataka nini, na nini kinamzuia? Maswali haya yaonekana kuwa ya kitoto, lakini kijana aliyekwama ukurasa wa thelathini, akiyajibu kwa uaminifu, aghalabu atagundua kuwa mhusika wake hakuwa akitaka kitu chochote. Hilo ndilo lililomkwamisha, wala si kukosa programu.

Keith Blount, Mwingereza, naye alitaka kuandika riwaya, akaunda Scrivener, iliyotoka mwaka 2007 kwa kompyuta za Apple na mwaka 2011 kwa Windows. Ndani yake kila tukio huwa kama kadi iliyobandikwa ubaoni. Waweza kuiondoa hapa ukaibandika pale, na maandishi yake yote yakaifuata. Utafiti wako, picha na habari za wahusika hukaa pembeni mwa maandishi, usiende kuzitafuta kwingine. Bei yake ni kama dola 60 za Kimarekani, nayo hulipwa mara moja tu. Kwa wengi wetu fedha hizo si kidogo, na hapo ndipo shetani anapopata mlango.

Kijana atasema kuwa programu si kitu cha kushikika. Nimechukua nakala, na mwenyewe bado anayo yake, basi nimemnyang'anya nini? Swali hili halikuachwa bila jawabu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi, pamoja na majina na alama za biashara, ni haki zenye thamani ya mali, zinalindwa na sheria ya Kiislamu, wala haijuzu kuzivunja. Uamuzi huo wamlinda Blount wa Uingereza, na wamlinda pia kijana wetu huyuhuyu siku riwaya yake itakapotolewa nakala kwa mashine dukani na kuuzwa pasipo yeye kupata senti. Kilio atakachokilia siku hiyo, leo mwenzake ana haki ya kukililia.

Tena udhuru wa ufukara hausimami, kwa kuwa vya halali visivyo na bei vipo. LibreOffice ni programu kamili ya kuandikia, hutolewa bure na wenyewe kwa ridhaa yao, na ruhusa ya kuinakili umepewa. Ilichipuka mwaka 2010 kutoka katika OpenOffice, ileile ambayo mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliigeuza kuwa ya Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Huweza kuwekewa kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili. Tena, ukiviandika vichwa vya sura kwa mtindo wake wa vichwa, hukupa orodha ya sura zote pembeni. Ukivuta kichwa kwenda juu, sura nzima huhama. Mpango wa wahusika waandike katika daftari la shilingi chache. Kwa riwaya ya kwanza hiyo yatosha, na sisi twaipendelea kuliko zote.

Na asiye na kompyuta, mwenye simu tu? Huyo hutumia Google Docs, nayo ni bure na ina manufaa. Lakini ajue kuwa kazi yake imelala kwa mwingine. Mnamo tarehe 31 Oktoba 2017 baadhi ya watumiaji walifungiwa maandishi yao wenyewe, wakaambiwa kuwa yamevunja masharti. Google ikakiri kuwa ni hitilafu ya programu, ikairekebisha. Safari ile ilikuwa ya saa chache. Basi kila Ijumaa ashushe nakala, aiweke katika simu na kwa jamaa anayemwamini.

Zipo sasa pia programu ziandikazo kisa zenyewe ukiziamuru. Kuziuliza jina la mti au desturi ya mji si neno, ingawa hukosea. Kuziachia ziandike sura, kisha ukatia jina lako juu ya jalada, ni ushahidi wa uongo, na hapo hatuna la kurefusha.

Ama anayeweza kununua, asikimbilie kulipa. Scrivener hutoa majaribio ya siku 30, na zinazohesabiwa ni siku za kuitumia tu. Mwenye kuifungua mara mbili kwa wiki atapata wiki kumi na tano. Katika siku hizo, kabla ya kuandika sura ya kwanza, aandike kurasa mbili, azitoe kwa umbo la odt au docx, azipeleke katika kompyuta ya jirani isiyo na programu ile, azifungue. Zikifunguka zikiwa na sura zake na aya zake, aendelee. Zisipofunguka, atafute nyingine angali na kurasa mbili.