Mkono Uko P, Giaboksi Je? Msamiati na Urekebishaji wa Gia ya Usukani baada ya Kubadilisha Giaboksi

Tunaposema "gari iko paki" (au kwa usanifu zaidi, "gari liko paki"), huwa tunakusudia jambo moja tu: gari limesimama na halitaondoka. Hata hivyo, kauli hiyo fupi hubeba madai mawili. Dai la kwanza ni kwamba mkono wa gia umesogezwa hadi penye herufi P. Dai la pili ni kwamba ndani ya giaboksi komeo la chuma limeingia kati ya meno ya gurudumu na kuizuia shafti isizunguke. Gari lisipokuwa na hitilafu, madai hayo huwa kweli kwa pamoja, na lugha haioni haja ya kuyatenganisha. Giaboksi ya otomatiki ikibadilishwa, hasa katika gari lenye mkono wa gia kwenye usukani, dai la kwanza laweza kuwa kweli na la pili lisiwe kweli.

Tofauti hiyo nilijifunza kwa gari la familia yetu. Lilikuwa na siku mbili tu tangu litoke gereji, lilikowekewa giaboksi iliyotumika. Nililiegesha kwenye mteremko mdogo mbele ya nyumba, nikapeleka mkono P, nikazima injini na kushuka bila kuvuta breki ya mkono. Kabla sijafika mlangoni, gari lilianza kurudi nyuma taratibu hadi likazuiwa na ukuta wa jirani. Muda mfupi kabla ya hapo watoto walikuwa wakicheza mahali palepale. Mzee mmoja wa mtaani, fundi wa miaka mingi, alichungulia chini ya gari, akatoka akifuta mikono, akaniambia: "Mwalimu, mkono wako uko P. Giaboksi yako haijafika huko."

Makala haya yanaifafanua kauli ya mzee huyo. Yanaanza na maneno, kwa sababu sehemu kubwa ya mkanganyiko baina ya mwenye gari na fundi hutokana na maneno, kisha yanaeleza kazi yenyewe.

Maneno ya kazi

Usukani (nm). Neno hili lina asili ya Kiarabu, na lilihusu kwanza chombo cha majini, yaani kile kinachokiongoza. Leo hutumika pia kwa gurudumu analoshika dereva. Bomba refu lililobeba gurudumu hilo tutaliita nguzo ya usukani. Mafundi wengi huiita stelingi.

Gia ya usukani. Maana yake katika makala haya ni gia ambayo mkono wake umefungwa kwenye nguzo ya usukani, kama ilivyo katika Toyota Noah nyingi za miaka ya 1990. Isichanganywe na boksi la stelingi, ambalo hugeuza magurudumu ya mbele. Ukimwambia fundi "gia ya usukani ina tatizo" bila kufafanua, anaweza kuanza kufungua kitu kingine kabisa.

Wenzo (nm, wingi nyenzo). Ni kipande kigumu kinachozunguka kwenye egemeo na kuhamisha nguvu. Wingi wake, nyenzo, siku hizi husikika zaidi kwa maana ya vifaa au rasilimali, lakini maana ya kiufundi ingali hai. Hapa tunalitumia kwa vipande viwili vifupi: kimoja chini ya nguzo ya usukani na kingine ubavuni mwa giaboksi.

Ufito (nm, wingi fito). Ni chuma chembamba kinachounganisha nyenzo hizo mbili. Katika baadhi ya magari kazi hii hufanywa na kebo.

Bushi (nm). Ni pete ya plastiki, mpira au shaba inayokaa mahali chuma kinapoungana na chuma, ili pasiwe na mkwaruzo wala nafasi ya kucheza.

Ishara na kitu chenyewe

Dereva anapovuta mkono, bomba lililo ndani ya nguzo huzunguka. Wenzo wa chini husukuma ufito, ufito husukuma wenzo wa giaboksi, na wenzo huo huzungusha bati lenye mapengo mithili ya kishungi cha jogoo. Kiringi kinachosukumwa na springi huangukia katika pengo moja baada ya jingine, na kila pengo ni gia moja. Bati hilohilo husogeza vali inayoelekeza mafuta, na likifika mwisho wa upande mmoja, hulisukuma komeo la P.

Jambo la kuzingatia ni mahali mshale unaoonyesha herufi ulipofungwa. Haukufungwa kwenye giaboksi, bali kwenye nguzo ya usukani. Katika magari mengi ya aina hii, hata swichi inayoruhusu injini kuwaka ipo kwenye nguzo hiyo. Kwa hiyo mshale na swichi vyote hutoa habari za mkono. Giaboksi yenyewe haina sauti katika mazungumzo hayo. Bati likikwama kati ya P na R, mshale utaonyesha P, injini itakubali kuwaka, na komeo litakuwa halijaingia. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi ya otomatiki isiyo na komeo haiwezi kulizuia gari, kwa kuwa pampu yake ya mafuta haizunguki. Injini ikiwa inanguruma, bati linaweza kuteleza hadi R na gari likarudi nyuma lenyewe.

Kwa nini giaboksi mpya huleta kutoelewana

Mfano ulio wazi unatoka Marekani, ambako gia ya usukani ilienea sana na ambako wapenzi wa magari ya zamani hubadilisha giaboksi mara kwa mara. Chevrolet za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zenye giaboksi ya Powerglide zilipanga herufi hivi: P N D L R. Giaboksi ya TH350, iliyoanza na magari ya mwaka 1969, hufuata mpangilio wa P R N D 2 1. Ukiifunga TH350 katika gari hilo la zamani na kuacha kioo cha herufi kilekile, nafasi ya pili itasomeka N ilhali giaboksi iko R. Dereva ataamini kwamba gari liko frii, na akiachia breki litarudi nyuma.

Mpangilio wa herufi, kama ulivyo mpangilio wowote wa alama, ni makubaliano ya watu. Nchini Marekani makubaliano hayo yaligeuzwa sharti la usalama kuanzia Januari 1, 1968: N lazima ikae kati ya gia ya nyuma na gia za mbele, injini isiwashike mkono ukiwa kwenye gia ya mbele au ya nyuma, na kwa gia ya usukani, mkono unapotoka N kwenda gia ya mbele uzunguke kufuata mwelekeo wa saa.

Hata pale ambapo herufi zinafuatana sawa, idadi na nafasi zake hutofautiana. TH350 ina gia tatu za mbele na vituo sita vya mkono. TH700-R4, iliyoanza na magari ya mwaka 1982, ina gia nne za mbele na vituo saba. Nguzo iliyotengenezwa kwa vituo sita haiwezi kutarajiwa kuvitaja saba kwa usahihi. Zaidi ya hayo, wenzo wa giaboksi mpya waweza kuwa mrefu au mfupi kuliko wa awali, giaboksi yaweza kukaa juu au chini kidogo, na bushi kuukuu zilizovumilika zamani sasa hazivumiliki.

Hatua za urekebishaji

Kanuni moja inatawala kazi yote: anza kwenye giaboksi, kisha uilete ishara iifuate. Anayeanza na mshale huishia kuifanya giaboksi itii uongo.

Kwanza, zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi, inua magurudumu yanayoendeshwa, na uliweke gari juu ya stendi imara. Usitegemee jeki peke yake, na injini iwe imezimwa.

Pili, ondoa ufito kwenye wenzo wa giaboksi. Sogeza wenzo huo kwa mkono na uhesabu mapengo. Upande mmoja wa mwisho ni P, na uthibitisho wake si herufi bali shafti ya propela: ikikataa kuzunguka pande zote mbili, komeo limeingia. Kutoka hapo, pengo linalofuata ni R na la tatu ni N. Uache wenzo kwenye N, na uhakikishe kwamba shafti inazunguka bila kizuizi.

Tatu, kagua bushi zote, kuanzia chini ya nguzo hadi kwenye giaboksi. Mwombe mtu atikise mkono wa gia huku wewe ukitazama. Kila mahali panapocheza ni mahali ambapo mwendo wa mkono hupotea kabla ya kufika. Badilisha bushi zilizochakaa kabla ya kupima urefu wowote.

Nne, weka mkono wa gia penye kituo chake cha N ndani ya nguzo. Rekebisha urefu wa ufito mpaka uingie kwenye wenzo wa giaboksi bila kulazimishwa, kisha kaza nati. Ikibidi kuuvuta au kuusukuma ili uingie, urefu bado si sahihi.

Tano, pitisha mkono katika vituo vyote, kutoka P hadi 1 na kurudi, ukisikiliza pengo la giaboksi katika kila kituo. Hapa ndipo aina mbili za kosa hutofautishwa. Kosa likiwa la kiasi kilekile katika kila kituo, ufito ni mrefu au mfupi mno, na dawa ni kurudia hatua ya nne. Kosa likiongezeka kadiri unavyokwenda mbali na N, uwiano wa nyenzo ndio mbaya, na hakuna urefu wa ufito utakaouponya. Mkono ukifika mwisho kabla giaboksi haijafika mwisho, wenzo wa giaboksi ni mrefu mno. Mfupi zaidi utaizungusha giaboksi zaidi kwa mwendo uleule wa ufito. Giaboksi ikiwahi kufika mwisho, hali ni kinyume chake. Hakikisha pia kwamba ufito haugusi bomba la ekzosi wala fremu, na kwamba katikati ya mwendo wake unakaribia pembe mraba na kila wenzo.

Sita, ndipo urekebishe mshale, na kama vituo vimeongezeka, badilisha kioo cha herufi. Kisha, ukiwa umekanyaga breki, jaribu swichi: injini iwake katika P na N tu, na taa nyeupe za nyuma ziwake katika R tu. Jaribio la mwisho ni kwenye mteremko mdogo usio na mtu. Weka P, achia breki polepole ukiwa ndani ya gari, na mguu uwe tayari.

Tahadhari moja ya kimsamiati. TH700-R4 ina kebo nyingine inayotoka kwenye mfumo wa pedeli ya mafuta kwenda giaboksi, ambayo huiwezesha kuongeza shinikizo la mafuta kadiri dereva anavyokanyaga. Ikifungwa vibaya, giaboksi inaweza kuungua kwa muda mfupi. Kebo hii na ile ya kuchagua gia zote huweza kuitwa "waya wa gia". Ni salama zaidi kuzitaja kwa kazi zake: kebo ya kuchagua gia na kebo ya pedeli iendayo giaboksi.

Namna ya kusema

Kauli "gia mbovu" haimsaidii fundi, kwa kuwa haitenganishi mkono, ufito na giaboksi. Sema unachokiona na mahali unapokiona: "Mkono unafika P lakini gari halifungi." "Mshale uko N lakini gari linarudi nyuma." "P iko sawa, ila 1 haifiki." Kila moja ya kauli hizi humwelekeza fundi mahali tofauti pa kuanzia, na ya mwisho humwambia moja kwa moja aangalie nyenzo.

Kwa upande wa matumizi ya kila siku, hakuna ubaya kuendelea kusema "gari liko paki". Lugha huishi kwa mikato ya aina hiyo. Lakini baada ya giaboksi kubadilishwa, tenganisha madai mawili yaliyomo katika kauli hiyo na ulithibitishe kila moja: mkono uko P, na komeo limefunga. La kwanza huonekana kwa macho. La pili huthibitishwa na shafti isiyozunguka. Mimi siku hizi huvuta breki ya mkono kabla ya kulitamka lolote kati ya hayo.