Komaa Kama Ndizi, Mwanangu

Ukitaka kujua kama jana ulipiga tizi la ukweli, subiri asubuhi uingie choo cha kuchuchumaa. Kushuka unashuka freshi. Kuinuka ndiyo noma. Unashika ukuta, mapaja yanawaka, unatoka mle unatembea kama mzee aliyebeba mkungu kutoka shamba la mbali.

Haya maumivu mimi nayapenda, aisee. Yananiambia mwili umeipokea kazi. Na sisi wana wa Kitendaguro hatuwezi kuyakwepa, kwa sababu Bukoba imekaa hivyo: ziwa liko chini, sisi tuko juu. Alfajiri unatoka kitaa, ukungu bado umelala kwenye migomba, unajiachia mteremko mpaka viwanja vya Gymkhana, jua linakukuta palepale likichomoza ziwani, halafu unageuka kurudi. Hapo ndipo washkaji wanaanza kuulaani mlima. Kila mtu kijiweni atakwambia mlima ndio unaoua miguu.

Si kweli. Kinachokula misuli ni ule mteremko uliokuwa unashuka nao kwa raha. Ukishuka, paja linafanya kazi ya breki: linajikaza huku linavutwa, hatua baada ya hatua, na nyuzi zake ndogondogo zinachanika. Siku hiyohiyo husikii kitu. Kesho yake maumivu yanaanza, keshokutwa yanapamba moto, halafu yanayeyuka yenyewe, na msuli unarudi mgumu kuliko mwanzo. Ile stori ya "asidi imejaa miguuni" wanayokupiga jimu, ipotezee. Laktiki mwili unaisafisha ndani ya saa moja au mbili baada ya kuacha kukimbia. Haiwezi kukuvizia chooni keshokutwa. Dawa ya haya maumivu ni kutembeatembea, kula, kulala. Mshkaji akitaka kukuchua kwa mafuta, akuchue mdogo mdogo, asikukande kama unga wa chapati.

Ila kuna maumivu mengine, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika hapa.

Nilianza jogingi mwezi wa kumi na moja, msimu wa senene, kipindi ambacho usiku hakuna anayelala mapema Bukoba. Tulikuwa watatu, mara tatu kwa wiki, kilomita tano tano. Mwaka mpya ulipoingia mmoja wetu akaja na mchongo: twende Moshi, Kilimanjaro Marathon, tukapige ile kilomita 21. Mzuka ukapanda. Kutoka siku tatu nikaruka mpaka siku sita. Kutoka kilomita 15 kwa wiki nikaenda karibu 40, ndani ya mwezi mmoja. Raba zangu za mtumba zilikuwa zimelika upande mmoja mpaka ukiziweka mezani zinalala. Nilijiona chuma.

Ugoko wa kulia ukaanza kunong'ona. Mwanzoni ulikuwa unauma dakika kumi za kwanza, ukipata joto unanyamaza. Wiki iliyofuata ukawa unauma mwendo mzima. Ya tatu ukaanza kuniamsha usiku. Kila nilipowaambia wana, jibu lilikuwa neno moja: komaa. Komaa mwanangu. Mwanaume anakomaa. Nikakomaa. Nikaingia duka la dawa nikanunua diklofenaki, nikawa nameza kimoja kabla ya kutoka, nakimbia kama sina shida. Hakuna aliyenilazimisha, nilifanya kwa mikono yangu na buku yangu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kidonge hakitibu mfupa, kinaziba mdomo wa mfupa. Ule uchungu ulikuwa ujumbe, mimi nikauzima sauti nikaendelea kugonga lami. Tena dawa za aina hiyo, ukizimeza halafu ukakimbia hadi maji yakapungua mwilini, zinazibana figo. Bodaboda akisikia injini inagonga hawashi redio ili asiisikie. Anasimama pembeni.

Asubuhi moja nilijaribu kuruka kwa mguu mmoja nikashindwa. Nikaenda kituo cha afya. Daktari hakutumia maneno mengi. Alipitisha kidole juu ya mfupa taratibu, akafika sehemu moja ndogo, akabonyeza, nikaruka kitandani. Akanieleza kitu ambacho kila mkimbiaji wa kitaa angepaswa kukijua kabla hajanunua raba: ugoko ukiuma kwa kutambaa, eneo refu, mara nyingi ni utando na misuli inayolalamika, unapunguza mzigo inapona. Ukiuma sehemu moja unayoweza kuifunika kwa kidole, ukiuma hata umelala, ukishindwa kuurukia mguu huo, mfupa wenyewe umeanza kuchoka na unaweza kupasuka. Wiki sita, akasema. Hakuna kukimbia.

Moshi nikaiona kwenye WhatsApp. Washkaji wamevaa medali, nyuma mlima, mimi nimekula benchi geto, mguu juu ya mto. Sitawadanganya, niliumia kuliko ule mguu. Kuna siku sikutaka kutoka nje kabisa, maana tayari kitaa kilishanipa jina la mkimbiaji, na mkimbiaji asiyekimbia anaitwaje?

Ndani ya hizo wiki sita nikaanza kulitafakari hilo neno. Komaa. Sisi huku Kagera neno hilo tumezaliwa nalo kibanjani. Ndizi inakomaa. Na inakomaaje? Haikazi meno. Haipigiwi kelele. Inakaa kwenye mgomba wake, inakula, inanyeshewa, mgomba ukielemewa unawekewa nguzo ya kuegemea, na hakuna mkulima aliyewahi kuiona nguzo hiyo akasema mgomba huu umezingua. Ukiukata mkungu kabla ya wakati, hata uuvundike wiki nzima, utalika lakini hautakuwa na ladha. Hiyo ndiyo maana yetu ya zamani. Hii ya kijiweni, ya kukaza mpaka kitu kikatike, tumeiokota barabarani.

Najua mtakalosema. Mtamtaja John Stephen Akhwari. Hakuna shule Tanzania ambayo stori yake haijafika: marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200 ambako hewa ni nyepesi, misuli inambana, anagongana na wenzake, anaanguka, goti linaharibika, bega linaumia. Anafungwa bandeji, anasimama, anaendelea. Anaingia uwanjani giza limeshatanda, wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Muethiopia Mamo Wolde kushinda. Namheshimu yule mzee kwa moyo wangu wote, na stori yake bado inanitoa machozi. Lakini yeye alikuwa na bendera ya nchi kifuani, kwenye mbio ambazo huenda mtu anazipata mara moja maishani. Wewe una Jumanne. Jumanne itarudi wiki ijayo, na ijayo tena. Ukilivunja goti lako kwa ajili ya Jumanne moja, umemheshimu nani?

Mimi siku hizi nasimulia na stori nyingine pia. Olimpiki ya Paris, marathoni ya tarehe 10 Agosti 2024. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili mfululizo, yule aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, mgongo unamkaba. Anabaki nyuma, anaanza kutembea, na baada ya kupita kilomita 30 anaacha. Anawagawia watu waliosimama barabarani viatu na nguo zake za mbio, anapanda gari. Kipchoge! Na mbio hizohizo alizishinda Tamirat Tola, ambaye mwanzoni kwenye timu ya Ethiopia alikuwa wa akiba tu. Alipata nafasi kwa sababu mwenzake Sisay Lemma aliumia msuli, akakubali kukaa pembeni. Tola akaondoka na dhahabu na rekodi ya Olimpiki, saa 2:06:26.

Na mtu wetu alikuwa wapi siku hiyo? Alphonce Simbu alimaliza wa 17. Kuna waliosema kitaani jamaa keshaisha. Yeye akarudi mazoezini. Aprili 2025 akashika nafasi ya pili Boston. Tarehe 15 Septemba 2025, sisi huku bado usiku wa manane, akamshika Mjerumani Amanal Petros mita za mwisho kabisa pale Tokyo. Wote wawili saa 2:09:48, wakatenganishwa kwa picha, sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Baina ya yale maneno ya kitaani na ile sekunde palikuwa na miezi kumi na tatu, na hakuna anayeweza kuikimbia miezi kumi na tatu kwa siku moja.

Uchovu nao una sura zake, na kwa huku kwetu kuna sura moja lazima niitaje. Mwezi wa nne, mvua za Bukoba zimefungulia kama bomba lililopasuka, mwana mmoja wa kundi letu akaanza kulegea. Miguu mizito, kichwa kizito, kilomita mbili tu kakata moto. Tukamwambia ni uvivu wa mvua. Mwingine akasema amezidisha mazoezi. Siku ya tano dada yake akamburuza kwenda kupima, malaria imemjaa. Kagera ni mkoa wa malaria, wanangu. Ukichoka bila sababu unayoijua, kabla hujajiita mvivu na kabla hujajiita mwanariadha aliyezidisha, kapime. Kipimo cha tone la damu kidoleni kinatoa jibu kabla chai haijapoa.

Kwa masista wetu wanaokimbia kuna na hili la damu. Kila mwezi inatoka, mazoezi nayo yanahitaji damu, halafu msosi wenyewe umekuwa ndizi na chai. Ndizi inatupa nguvu ya kukimbia, sina ubishi nayo, lakini iwekee maharage, iwekee dagaa, iwekee mchicha, na chai au kahawa isubiri saa moja hivi baada ya kula, maana ukizinywa pamoja na chakula zinazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Uchovu wa kuishiwa damu hauondoki kwa kukaza. Na wale wa banda umiza, mechi imeisha saa sita usiku, umepitia na rubisi kidogo, halafu saa kumi na moja unataka kupiga kilomita kumi: hapo huna ugonjwa, una deni la usingizi.

Kitu kilichonibadilisha kuliko vyote ni mwendo. Nilikuwa nakimbia kila siku kana kwamba nafukuzwa. Ukienda Iten, Kenya, ndiko kwenye mabingwa wenyewe, siku za mazoezi mepesi utawaona wanajikokota kwa mwendo ambao hata wewe ungewafuata huku mnapiga stori. Sasa nina kipimo changu: nikishindwa kumsimulia mwenzangu mechi ya Kagera Sugar bila kukatika pumzi, nimezidisha. Siku moja kwa wiki najiachia. Zilizobaki naenda mdogo mdogo, na sehemu zenye mteremko mkali nafupisha hatua.

Wiki sita zilipoisha, daktari aliniandikia kwenye karatasi: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Ndiyo hiyo tu. Nilivyoisoma nilijisikia vibaya, maana njia yangu inapita kijiwe cha bodaboda, na kijiwe kile hakisamehi mtu anayetembea amevaa bukta ya mazoezi. Siku ya kwanza nilitaka kupita uchochoro wa nyuma. Nikaghairi. Nikapita palepale, dakika yangu ikakatika mbele yao, nikaanza kutembea. "Oyaa, betri imekufa?" Nikawapungia mkono.

Mbele kidogo, pale kilima kinapoanza kukaza, nikamkuta mama mmoja wa mtaani kwetu kabeba beseni la ndizi kichwani, anapanda bila papara. Nikamwamkia, shikamoo mama.

"Marahaba, mwanangu. Waitu, mguu unaendeleaje?"

Nikamwambia unaendelea vizuri, ila nimeambiwa nitembee kwanza. Akasema basi tutembee wote. Tukapanda, yeye na beseni lake, mimi na mguu wangu, akinihadithia jinsi upepo wa juzi ulivyomwangushia migomba mitatu na jinsi anavyotafuta nguzo za kuegemeza ile iliyobaki. Hatujafika juu, simu ikalia mfukoni. Akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni dakika yangu ya kukimbia imefika.

"Haya, nenda," akasema. Nikaenda.