Karai lilimkata bibi, mwenyewe wala hakusikia!

Jamani, kijijini mtu haendi mikono mitupu. Nilipokwenda Hombolo kumsalimu shangazi, nilipitia duka moja mjini Dodoma nikamnunulia karai la bati, jipya, linametameta. Muuzaji nilimkaba bei mpaka akasalimu amri. Nikajiona mjanja kweli!

Wale msiopajua Hombolo, ndiko kwenye lile bwawa lililojengwa mwaka 1957, mashamba ya zabibu na Chuo cha Serikali za Mitaa. Wazee wanapajua pia kwa kituo cha wagonjwa wa ukoma.

Jirani wa shangazi ni bibi mmoja aliyeugua ukoma zamani akapona. Kapona kabisa, haambukizi mtu, kwa hiyo msianze kusogeza viti! Dawa zake siku hizi hutolewa bure, unameza miezi 6 au 12 kufuatana na hali yako. Shida ni kwamba vijidudu vya ukoma hushambulia neva, na neva ikishaharibika sana ndiyo basi tena. Vidole vya bibi huyu havisikii moto wala mwiba.

Asubuhi akaja kumsaidia shangazi kazi. "Mbukwenyi! Mume wangu umekuja lini?" akanitania, huku akilibeba karai langu lililojaa uwele, kalishika ukingoni kwa mikono miwili. Tukacheka. Mara shangazi akapiga kelele: uwele una damu!

Nikatazama mikono yangu, mizima. Shangazi naye mzima. Kumbe ni bibi! Kidole gumba kimepasuka, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na yeye bado anacheka. Alipoonyeshwa akautazama mkono ule kama wa mtu mwingine.

Tukamkimbiza zahanati kwa bodaboda. Akashonwa, akachomwa sindano ya kuzuia pepopunda. Muuguzi akaniambia neno lililoninyima usingizi: ukoma wenyewe haukati vidole. Mtu anaumia bila kusikia, anaendelea na kazi, kidonda kinaoza kimyakimya. Ndivyo vidole vinavyokwisha.

Niliporudi nikalikagua karai. Bati limekatwa tu, ukingo haukukunjwa wala kupigwa tupa. Alama ya TBS nikaitafuta juu na chini, hola. Shirika hilo la viwango liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lakini mimi dukani nilichoangalia ni bei tu. Nimlaumu nani?

Nikalipeleka kwa fundi wa mabati pale pale kijijini. Akapitisha gumba ukingoni, huyoo, mzunguko mzima. "Bosi, mbona safi hili!" Nikalitazama gumba lake: lina sugu kama soli ya katambuga. Nikaona huyu na bibi lao moja.

Ndipo nikakumbuka maneno ya jamaa yangu mmoja, mhandisi. Wenzetu wanaopima vitu vya watoto hawatumii kidole cha mtu, maana kila mtu na ngozi yake. Marekani wana kipimo cha kisheria tangu mwaka 1978, kwa vitu vya watoto walio chini ya miaka 8. Kijiti cha chuma chenye unene wa karibu milimita 9.5 huzungushiwa utepe wa Teflon, ile ile ya kwenye vikaango visivyogandisha. Kijiti hukandamizwa kwenye ukingo kwa nguvu ya nyutoni 6, sawa na uzito wa nusu kilo ya sukari na kidogo zaidi, kisha huzungushwa mara moja tu. Utepe ukikatika milimita 13 au zaidi, kitu hicho kimefeli, hata kama kina rangi za kupendeza namna gani. Tena hawapimi kikiwa kipya tu. Cha mtoto mchanga huangushwa mara 10 kutoka sentimita 137, halafu kinapimwa tena.

Mimi maabara ningeitoa wapi Hombolo? Nikanunua utepe mweupe wa mafundi bomba, nao ni wa Teflon, nikauzungushia kwenye penseli mara kadhaa. Si kipimo rasmi, msinicheke. Nikakandamiza ukingoni, nikazungusha. Utepe ukafunguka kama ganda la ndizi!

Fundi akanyamaza. Akachukua tupa, akala ukingo wote, kisha akaukunjia nje juu ya waya, akaugonga taratibu kwa nyundo mpaka ukawa mviringo. Tukafunga utepe mpya. Mara hii ukatoka mzima, una alama ya kubonyea tu.

Nilipotaka kulipa akakataa hela. Akaomba ile penseli, akaichomeka sikioni, akaenda kuvuta rundo la makarai yake mwenyewe yaliyokuwa yakingoja wateja uvunguni mwa meza.