Twendeni Dembo kwa Miguu

Katika nchi za Ulaya jamaa nyingi hutoka mwezi wa Oktoba kwenda kutazama majani ya miti yaliyogeuka mekundu kabla ya kupukutika. Hapa kwetu Lubumbashi mambo ni kinyume. Majani ya miombo nayo huwa mekundu Septemba na Oktoba, lakini wekundu huo ni wa majani machanga, yachipukayo hata kabla ya mvua. Majira yetu ya matembezi ni Aprili na Mei: mvua zimekoma, baridi ya Juni haijafika, na madembo yangali na maji.

Wazee wajua dembo ni nini. Watoto wa mjini hulipita garini na kuliona kuwa ni majani matupu. Ni bonde pana lililo kwenye vyanzo vya mito, lisilo na miti, kwa kuwa udongo wake mzito hulowa miezi mingi hata mizizi ikakosa pumzi. Mvua ya kwetu, kadiri ya milimita 1,200 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Dembo hupokea sehemu ya maji hayo na kuyaachilia polepole. Basi ajazaye kifusi humo ili apate kiwanja, maji aliyoyafukuza yatabisha hodi kwa jirani.

Mama atakayekwenda na watoto awaonyeshe jambo moja hasa. Kati ya nyasi huota maua ya jamii ya okidi, na chini yake mna viazi vidogo. Hivyo ndivyo vipondwavyo na kuchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikawa chikanda, ile inayokatwa vipande sokoni na kupendwa na sisi sote. Mara nyingi mmea mmoja huwa na viazi viwili: cha zamani kilichosinyaa, na kipya kilichojaa, akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kipya. Akikitwaa, mmea umekufa. Hakuna shamba la chikanda. Yote yatoka porini, nayo madembo ya karibu na miji yamekwisha kuchimbwa sana. Hatusemi watu wasile. Twasema mtoto alijue ua kabla hajakijua kipande.

Mto nao wataka macho. Mto Lubumbashi wapita mjini, waingia Kafubu, na Kafubu yapeleka maji yake Luapula. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911 kilitoa moshi ulioua miti upande wa Penga-Penga, na madini yake yamo udongoni hata leo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mito hiyo miwili wakakuta madini yenye sumu. Kwa hiyo tembeeni upande wa juu wa mto, mbali na viwanda, na watoto wasinywe wala wasioge humo, hata maji yakionekana safi kama kioo.

Aliye na nafasi ya safari ndefu na aende hadi Lufira, upande wa Likasi. Ziwa Tshangalele lilitokana na bwawa la umeme la Mwadingusha, kazi ya mikono ya watu, na bado ndege wamelifanya kwao. Mnana mmoja wa huko alikamatwa mwaka 1960, akapewa jina la kitaalamu mwaka 1982 tu. Mwaka 2017 Bonde la Lufira liliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa sahihi Iran mwaka 1971 kwa ajili ya kulinda ardhi zenye maji.

Kwa matembezi ya karibu, tokeni Dominika baada ya Misa ya kwanza. Vaeni viatu vinavyofunika mguu, chukueni maji ya kunywa ya nyumbani, na babu atangulie mbele, maana yeye ajua njia iendako na majina ya nyasi.