Mtoto Huzama Kwanza

Mwalimu wa kemia huko Mugunga, magharibi mwa mji wa Goma, anauliza: shule isiyo na maabara itamwonyeshaje mwanafunzi gesi isiyo na rangi? Kwake si swali la mtihani tu, maana huko gesi hiyo inaua. Mahali inapojikusanya wenyeji hupaita mazuku. Mwaka 2010 wanasayansi wa Ubelgiji, Italia na Luxembourg, pamoja na wenzao wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma (OVG), walichapisha utafiti kuhusu mazuku ya upande huo wa mji, kandokando ya Ziwa Kivu.

Gesi yenyewe ni kabonidioksidi. Wapo wanaoiita hewa ukaa. Jina hilo silipendi, linampeleka mtoto kwenye makaa na moshi, na hapa moshi haupo.

Ninachokipenda ni uzito wake. Molekuli yake ina uzito wa 44, ilhali wastani wa hewa ni 29, yaani gesi hii ni nzito mara moja na nusu. Basi ifikirie kama maji. Chemchemi zake ni nyufa za ardhini, zinazoitoa chini kwenye magma. Ikishatoka hufuata mteremko, ikakuta shimo katika mawe ya lava, ikatuama. Usiku, upepo ukitulia, bwawa hujaa. Mchana jua na upepo hulivuruga likapungua. Lina ukingo, lina kina. Mtu mzima anaweza kulivuka kichwa kikiwa juu ya maji hayo, huku mbuzi anayemfuata anazama. Na mtoto akiinama kuokota kitu, amepiga mbizi.

Bwawa hilo linaingia kwenye beseni. Simamisha ndani yake mishumaa mitatu, mfupi, wa kati na mrefu, uiwashe. Kwenye jagi tia magadi soda na siki, au maji ya ndimu. Povu likitulia, inamisha jagi juu ya ukingo wa beseni polepole, kimiminika kisitoke. Kwa macho humimini kitu. Mshumaa mfupi unazimika, kisha wa kati, kisha mrefu. (Mazuku yenyewe msiyasogelee, hata na mshumaa.)

Sayansi ya vyombo vidogo namna hii ina historia yake. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilibuni visanduku vya majaribio vyenye kisahani cha plastiki chenye vishimo, ambamo matone machache yanatosha, na UNESCO ikavisambaza katika nchi nyingi. Mwaka 2011, Mwaka wa Kimataifa wa Kemia, wanafunzi duniani kote walialikwa kupima maji ya maeneo yao na kukusanya matokeo pamoja. Ushirikiano wa aina hiyo naupendelea kuliko shehena ya mashine zinazosubiri umeme na fundi, kwa sababu tone likimwagika mwalimu anatia jingine.

Kwa hiyo, mwalimu, siki na mishumaa nunua sokoni. OVG waombe mtu mmoja mwenye kipima gesi, aje siku ya jaribio, atumbukize kifaa ndani ya beseni mara tu mshumaa mfupi unapozimika, na namba aisome mwanafunzi.