Nyumba ya Einar Gerhardsen na Maana ya Vibao vya Kumbukumbu mjini Oslo

Kibao cha kumbukumbu ni bamba dogo linalobandikwa ukutani ili kuwafahamisha wapita njia kwamba mtu mashuhuri aliwahi kuishi katika jengo wanalolipita. Desturi hii ilianzia London katika miaka ya 1860, ambako kibao cha kwanza kiliwekwa mwaka 1867 kwa heshima ya mshairi Lord Byron, kisha ikaenea polepole katika miji mingine ya Ulaya. Mjini Oslo vibao hivyo ni vya rangi ya buluu, na kazi ya kuviweka imekuwa mikononi mwa Oslo Byes Vel, chama cha kiraia kilichoasisiwa mwaka 1811 kwa ajili ya ustawi wa mji na utunzaji wa historia yake. Kwa hiyo heshima inayotolewa na kibao cha namna hii si nishani ya serikali, bali ni tamko la wakazi wa mji kuhusu mwenzao.

Nyumba ya mwandishi hustahili alama kwa sababu vitabu vyake viliandikwa humo, ilhali kazi ya mwanasiasa hufanyika bungeni na ofisini, na kwa sababu hiyo huulizwa makazi yake yana lipi la kuufundisha umma. Jibu la wazi hupatikana katika habari za Einar Gerhardsen, aliyeishi katika fleti ya kawaida ya mtaa wa Sofienberggata hata alipokuwa waziri mkuu. Mtaa huo uko mashariki mwa mto Akerselva, ambao kingo zake zilijaa viwanda katika karne ya 19, hali iliyoufanya upande wa mashariki kuwa makazi ya wafanyakazi na upande wa magharibi kuwa makazi ya matajiri na maofisa. Norwei haikuwa na makazi rasmi ya waziri mkuu wakati huo, kwani yale yanayotumika sasa yalifunguliwa mwaka 2008, na kiongozi alijichagulia mwenyewe mahali pa kuishi. Hivyo kubaki Sofienberggata kulikuwa na uzito wa kisiasa.

Gerhardsen alizaliwa Asker mwaka 1897, akafanya kazi ya kibarua wa barabara tangu ujana wake, na akapanda ngazi kupitia vyama vya wafanyakazi hadi uongozi wa Arbeiderpartiet, yaani Chama cha Wafanyakazi. Mwaka 1940 alichaguliwa kuwa meya wa Oslo, lakini wavamizi wa Kijerumani wakamwondoa, wakamkamata mwaka 1941, na baadaye wakampeleka katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kabla ya kumrudisha Norwei mwaka 1944 na kumfunga katika kambi ya Grini. Vita vilipokwisha mwaka 1945 akawa waziri mkuu, na kwa vipindi vitatu vilivyoishia mwaka 1965 aliongoza serikali kwa takribani miaka 17, muda ambao hakuna Mnorwei mwingine aliyeufikia katika wadhifa huo. Ndiyo maana wananchi walimpa lakabu ya Landsfaderen, yaani Baba wa Taifa.

Suala la makazi lilikuwa mzigo mkubwa wa serikali yake ya kwanza, kwa kuwa majeshi ya Ujerumani yaliporudi nyuma mwaka 1944 yaliteketeza Finnmark na kaskazini mwa Troms, huku miji ikiwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Mwaka 1946 iliundwa Husbanken, benki ya serikali iliyokopesha fedha za ujenzi kwa masharti nafuu, na kwa mikopo hiyo familia za kipato cha chini na cha kati ziliweza kujenga au kujiunga na vyama vya ushirika wa nyumba.

Hata hivyo, kibao huandika jina, cheo na miaka tu, na ufupi huo huficha hesabu ambazo historia haina budi kuzidai. Tarehe 5 Novemba 1962, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Kings Bay, mali ya serikali huko Svalbard, uliua watu 21; Bunge liliishutumu serikali kwa uzembe katika usalama wa mgodi, na mwaka 1963 Gerhardsen akang'olewa kwa kura ya kutokuwa na imani, ingawa serikali ya John Lyng iliyomrithi ilidumu wiki nne tu kabla yeye kurejea.

Maamuzi ya enzi yake yalivuka hata mipaka ya nchi: mwaka huohuo wa 1963 ndipo nchi za Nordiki, Norwei ikiwemo, zilipotia saini makubaliano na Tanganyika ya kujenga kituo cha Kibaha, chenye shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima, ambacho kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Msomaji wa Kiswahili aishiye Oslo anaweza basi kuisoma anwani ya Sofienberggata kwa upana zaidi: kibao huonyesha mahali alipolala kiongozi, lakini ubora wa uongozi wake hupimwa kwa nyumba, migodi na shule ambazo maamuzi yake yaliwagusa watu ambao majina yao hayaandikwi ukutani.