MZAZI ALIYEBANWA ASIACHWE PEKE YAKE

Kila mwaka, mwezi wa Januari unapoingia, hofu huingia pamoja nao katika nyumba nyingi za wafanyakazi. Mshahara wa Desemba umekwisha kwa nauli na sikukuu. Mwenye nyumba ataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja. Watoto wamesimama mlangoni, huyu ataka sare, huyu viatu, huyu madaftari. Ndipo mtu ambaye hajapata kuiba wala kudhulumu anapotia sahihi karatasi ya mkopo ule ambao wananchi wenyewe wameupa jina la "kausha damu".

Sisi hatukubali kwamba jambo hili ni aibu ya mtu mmoja. Wengi wanaochukua mikopo hiyo hawasukumwi na anasa. Wanasukumwa na ugonjwa wa mtoto, au kodi, au siku ya kufungua shule. Aliyekopa huweka rehani televisheni, kitanda, hata kadi yake ya benki. Siku akishindwa kulipa, vyombo hutolewa nje mchana kweupe, mbele ya watoto na majirani. Katika nyumba nyingine baba huzima simu na kutoweka, mama akabaki na deni na watoto pamoja. Hapo riba imekwisha kuwa jambo dogo, maana kilichopotea ni nyumba yenyewe.

Serikali haikulala. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa simu bila kibali. Hatua hiyo ni njema. Lakini mwenye njaa ukimfungia mlango mbaya bila kumwonyesha ulio mwema, atapita dirishani.

Milango myema ipo. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita. Uko Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, ulioandikisha kaya zaidi ya milioni moja na kuwapa wazazi ruzuku, nao wazazi wakatakiwa wapeleke watoto shuleni na kliniki. Iko mikopo isiyo na riba itokayo katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, baada ya kuonekana kwamba fedha nyingine ziliishia katika vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024.

Mfanyakazi naye ana haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Yampa baba siku 3. Tena yamwagiza mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mwanawe saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Na tarehe 1 Mei 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000.

Basi kwa nini mzazi angali akimkimbilia mkausha damu? Na tuseme kweli, hata kama kweli hiyo yatugusa sisi wenyewe. Mkausha damu hutoa fedha siku ile ile, bali ofisi ya mtaa humwambia mama "njoo kesho", na kesho ikifika mwenye muhuri hayupo. Ada imefutwa, lakini sare na madaftari hayakufutwa, na ziko shule ambazo michango imeingia kwa mlango wa nyuma, mtoto akarudishwa nyumbani kwa kosa la umaskini wa babaye. Kikundi hewa nacho hakikuandikwa na shetani. Kiliandikwa kwa mkono wa mtu, na kiongozi fulani akakipitisha. Kila shilingi iliyokwenda huko ilimsukuma mama mmoja hadi kwa mkopeshaji asiye na huruma.

Wako ndugu wasemao kwamba kumsaidia mzazi ni kumfundisha uvivu, nao hulitaja neno kujitegemea. Ndugu hao walisome tena Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio lile lilianza na mtu mmoja kujitegemea, likaendelea na nyumba kumi, likapanda ngazi kwa ngazi hata kulifikia taifa. Mpango huo haukuwa bure. Kiungo kinachomfuata mtu mmoja ni majirani zake. Mtu akizama, wa kwanza kuulizwa ni nyumba kumi zake.

Kwa hiyo twasema kazi hii ianzie shinani. Balozi aijue kila nyumba yenye mgonjwa, kila mama aliyeachwa, kila mtoto asiyeonekana shuleni. Na aijue kwa upole, si kwa umbea, maana siri ya mwenye shida ikitolewa barazani hatarudi tena kusema. Akiijua, amfikishe mwenye shida ofisini, wala asimwachie maelekezo tu. Katika mkutano wa mtaa au wa kijiji, wanachama waulize hadharani ni vikundi gani vimepewa mikopo ya halmashauri, na vinafanya kazi gani.

Wafanyakazi nao wasingoje Januari iwakute. Watu 30 wa karakana moja, kila mmoja akiweka shilingi 5,000 kwa mwezi tangu Juni hadi Desemba, watakuwa na shilingi 1,050,000 kabla shule hazijafunguliwa. Fedha hizo zikiwekwa katika chama cha akiba na mikopo kilichoandikishwa, hesabu zikasomwa mbele ya wote, watoto wengi watavikwa sare bila kitanda cha mtu kuchukuliwa.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Kukosa fedha si dhambi, bali kutoroka ni dhambi. Mtoto husahau mwaka ule aliovaa viatu vya kaka yake. Hasahau mwaka ule babaye alipoondoka asirudi. Ndugu, ukibanwa, sema. Mwambie mkeo, mwambie balozi, mwambie mwenzako kazini. Nasi tunaoambiwa, tusicheke wala tusiseme "njoo kesho". Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nao walikuwa wamelea.